Kadi za Kufundishia Balagha na Upotofu wa Hoja: Tathmini ya Mwalimu wa Kiingereza

Nimezitumia kadi hizi kwa muhula mzima katika darasa la Kiingereza la sekondari, na ninaziandikia tathmini kwa sababu sehemu yake moja imebadilisha namna wanafunzi wangu wanavyosoma, ilhali nyingine imenilazimu kuirekebisha kwa kalamu kabla ya kuigawa. Kuna mafungu matatu: mbinu za balagha, yaani za kutumia lugha kwa ufasaha ili kumgusa msikilizaji, njia za kushawishi, na upotofu wa hoja, yaani makosa ya kimantiki. Upande mmoja wa kadi una jina la mbinu na maelezo yake. Upande wa pili una kifungu kifupi cha Kiingereza pamoja na swali.

Fungu la kwanza ndilo lililonifanya nizipende. Kadi ya takriri ya mwishoni, yaani kurudia neno lilelile mwishoni mwa vifungu vinavyofuatana, imebeba maneno ya kufungia hotuba ambayo Rais wa Marekani Abraham Lincoln aliitoa Gettysburg tarehe 19 Novemba 1863, pale anapozungumzia serikali ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa ajili ya watu. Katika Kiingereza, neno lenye maana ya watu linarudi mara tatu, na kinachobadilika ni kihusishi kifupi tu kinacholitangulia. Swali la kadi halimwambii mwanafunzi ataje mbinu akae chini. Linamtaka asome kwa sauti mara mbili, kwanza akitia mkazo kwenye vihusishi, kisha kwenye neno watu, halafu aeleze ni maana gani iliyosogea. Darasa langu liligawanyika pande mbili na kubishana hadi kengele ikalia, na kwa mara ya kwanza ubishi wao ulihusu sauti ya sentensi badala ya jina la mbinu.

Kadi ya kinaya nayo imefikiriwa vizuri. Inapanga kwa mfuatano kila mahali ambapo Antony, katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, anamwita Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mtu wa heshima mbele ya umati, ili mwanafunzi aone jinsi sifa ileile inavyogeuka kuwa shutuma bila neno hata moja kubadilishwa.

Kasoro kubwa imo katika fungu la pili. Njia tatu za kushawishi, yaani ethosi (kuaminika kwa msemaji), pathosi (hisia za wasikilizaji) na logosi (mantiki ya hoja), zilichambuliwa na mwanafalsafa Mgiriki Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na kadi inamtaja, lakini inaieleza ethosi kuwa ni cheo au umaarufu wa msemaji. Aristotle alisema karibu kinyume chake: imani ya wasikilizaji inapaswa kujengwa na hotuba yenyewe, wala si na sifa walizozisikia kabla msemaji hajafungua kinywa, na imani hiyo huzaliwa pale msemaji anapoonyesha busara, uadilifu na nia njema kwao. Kosa hili lina madhara. Wanafunzi wangu walianza kuwinda vyeo. Mmoja aliandika kwamba mwandishi wa makala ni daktari, kwa hiyo ametumia ethosi, akaweka nukta. Hakuona kwamba katika aya ya pili daktari huyo anakiri hofu ya wagonjwa wake kabla ya kuwashauri lolote, na hapo ndipo alipokuwa akiijenga imani yao. Kadi za pathosi na logosi zinatosha.

Fungu la tatu lina kadi moja ya kupigiwa mfano, inayohusu kumshambulia mtu badala ya hoja yake. Inaweka mazungumzo mawili ubavuni: katika la kwanza msemaji anamtukana mpinzani lakini pia anaijibu hoja yake, katika la pili anaikataa hoja kwa sababu tu ya tabia ya aliyeitoa. La pili peke yake ndilo upotofu wa kimantiki, kwa kuwa la kwanza ni utovu wa adabu tu, na vijana wengi huchanganya mambo hayo. Kwa upande mwingine, kadi ya kutegemea mamlaka inafanya kila rejeleo la mtaalamu lionekane kosa, ingawa kumnukuu mtaalamu ndani ya fani yake ni ushahidi halali, hata kama si ushahidi usiopingika. Vilevile ninaikosa sana kadi ambayo ingeonya kwamba hoja mbovu inaweza kufikia hitimisho la kweli. Bila onyo hilo, midahalo yetu ya wiki mbili za kwanza iligeuka kuwa mashindano ya kurushiana majina ya upotofu, na aliyetangulia kutaja jina alijiona ameshinda.

Karatasi ni ngumu na haijachakaa mikononi mwa wanafunzi, ila maandishi ya vifungu ni madogo mno kwa wanaokaa wawili wawili. Ninapendekeza kifurushi hiki kwa mwalimu aliye tayari kukihariri. Katika seti yangu, maelezo ya ethosi nimeyakata kwa mstari mmoja, na chini yake nimeandika swali ambalo sasa darasa langu huanza nalo: ni sentensi ipi iliyokufanya umwamini?