Pikapu mfu ya Kariakoo: uzoefu wangu wa kuiboresha besi ya bei ya chini nyumbani

"Gitaa lenyewe la laki mbili, ulitaka lilie vipi?"

Hayo niliambiwa na muuzaji wa duka la vyombo vya muziki pale Kariakoo, mbele ya wateja wengine, pikapu yake mbovu ikiwa mkononi mwangu (si gari, ni kile kifaa cha sumaku na waya kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa na kuugeuza umeme). Nilitaka hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, naandika hivyo hivyo.

Ni kweli besi yangu, lile gitaa la nyuzi nne la sauti nzito, ni ya bei ya chini. Ni nakala ya Kichina ya Precision, lile umbo alilolitoa Leo Fender mwaka 1951, na pikapu yake ni ya mtindo wa 1957: vipande viwili vilivyopishana, kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G. Lakini mara nyingi kinachoiharibu besi ya bei hiyo si mbao. Ni kazi ambayo kiwanda kimeiruka ili bei ishuke, na kazi hiyo inafanyika mezani kwako ukiwa na subira. Mimi nimeifanya.

Nilianza na shingo. Ilikuwa imepinda mbele, nyuzi zimekaa juu, vidole vinauma kabla ibada haijafika nusu. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa kwa ufunguo wa L. Unazungusha robo mzunguko tu, unaliacha gitaa lilale, kesho yake unaangalia tena. Ukibana uzi wa E kwenye freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, pale freti ya 7 au ya 8 inatakiwa ipite kadi nyembamba, si zaidi. Ncha za freti zilizokuwa zikikwaruza kiganja nilizipiga tupa ndogo, polepole, moja moja.

Halafu kile kipande cha plastiki kilichoko mwisho wa shingo, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vifungo vya kukazia. Kile nilikitoa, nikachonga kingine cha mfupa wa ng'ombe niliouomba buchani. Unauchemsha mafuta yatoke, unauanika ukauke kabisa, unaukata kwa msumeno wa chuma, unaumalizia kwa msasa, kisha unachimba njia nne za nyuzi kidogo kidogo, maana ukizidisha kina uzi unagonga freti ya kwanza na kazi inaanza upya. Sijui kazi iliyonipa raha kuliko hiyo. Gharama yake karibu hakuna, na uzi uliopigwa wazi ukaanza kulia kwa nguvu ileile ya uzi uliobanwa. Kama una besi ya bei ya chini na utafanya jambo moja tu, fanya hilo.

Kwenye umeme nilipita haraka. Tumbo la gitaa, lile shimo zinamokaa nyaya, nililibandika mkanda wa shaba pande zote na kuuunga na ethi, ule mngurumo wa umeme wa 50 Hz uliokuwa ukinisumbua karibu na taa za jukwaani ukapungua sana. Poti ya voliyumu, kile kifaa cha kuzungusha kupandisha sauti, ilikuwa ya kuruka, ukigusa kidogo sauti yote imefika. Nikaweka mbili za 250K zenye herufi A, zinazopanda taratibu, moja ya voliyumu na moja ya toni, na kapasita ya 0.047 maikrofaradi, ile inayopunguza sauti nyembamba, kwenye toni.

Ikabaki pikapu. Ya kiwandani ilikuwa inafanya kazi, ila nilitaka uzito zaidi upande wa chini. Mimi nimekua nikisikiliza dansi, bendi za Msondo na Sikinde, na besi ya dansi unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Uzi wa E unapiga kama 41 Hz tu, ukiwa mwembamba hapo, bendi nzima inaelea.

Kwa hiyo nikaenda dukani. Boksi zuri, jina kubwa la Marekani juu yake, shilingi 85,000. Nikaomba tuipime. Nikaambiwa pikapu haipimwi dukani. Nikalipa, nikapewa risiti ya EFD, nikaondoka.

Nyumbani, kabla sijawasha hata chuma cha kulehemu, nikaiwekea mita ya kupimia ukinzani wa waya. Kipande cha kwanza kikasoma zaidi ya kilo-omu 5, safi. Cha pili hakikusoma kitu. Nikabadilisha ncha za mita, nikasafisha waya, nikapima tena: hakuna. Waya wa ndani umekatika. Ule waya una unene wa kama milimita 0.06, umezungushwa maelfu ya mara, ukikatika sehemu moja tu basi. Na kwa kuwa vipande viwili vya pikapu hii vimeungwa kwa kufuatana, kimoja kikifa vyote vimekufa.

Nikarudi. Nilikwenda kwa adabu kabisa.

"Kaka, samahani, hii pikapu kipande kimoja kimekatika ndani. Mita ninayo hapa, tuipime pamoja."

"Umeiunguza mwenyewe ukilehemu."

"Sijaigusa na moto. Angalia ncha za waya, bado zina risasi ya kiwandani."

Hakuangalia. Hapo ndipo kila kitu kwangu kilipoharibika. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Akanyoosha kidole ukutani penye karatasi iliyoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Akaniuliza naifunga kwenye besi gani, nikamwambia, ndipo akatoa yale maneno. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu kinanda akamwambia kwa upole, "Mwanangu, si umpimie tu, dakika moja." Akajibiwa, "Mzee, haya hayakuhusu."

Mzee wa watu! Yaani mtu mwenye umri wa baba yake, mteja mwenye pesa mfukoni, anajibiwa vile mbele za watu. Yule mzee alikiacha kinanda akatoka. Mimi nilibaki nimesimama, sina neno.

Sasa, nitende haki. Poti zangu nilizinunua humohumo na zinafanya kazi vizuri hadi leo. Nyuzi pia ni za kwao, seti ya 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi), ni halisi, zinashika sauti na nimezipenda. Kijana wa stoo aliyenitafutia kapasita alikuwa mwungwana sana, alinifungulia pakiti mbili nichague. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuandika: nendeni, ila mbebe mita, na msikubali kulipia pikapu ambayo hamjaipima.

Lakini nikiandika hivyo namwona yule mzee akitoka mlangoni. Hapana. Msiende. Nyuzi zinapatikana kwingine, utasubiri kidogo tu.

Na hilo neno la laki mbili si kweli hata kidogo. Nimeirudisha pikapu ya kiwandani, nikaipandisha karibu na nyuzi kwa skrubu zake, upande wa E kidogo zaidi ya upande wa G. Nikapanga oktava: uzi ukibanwa freti ya 12 ukawa juu kuliko ule mlio mwembamba wa kugusa tu palepale, unarudisha nyuma kile kikalio chake kwenye daraja, kile chuma nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, mpaka vilingane. Jumapili iliyofuata mpiga kinanda wetu aliniuliza nimeazima besi ya nani. Ni ileile, kaka. Mfupa wa buchani, shaba, poti mbili na nyuzi mpya.

Wengi wetu tunaanzia kwenye vyombo vya namna hii. Vijana wa kwaya, wa bendi za mtaani, wanachanga mwaka mzima wapate kimoja. Mtu anayekula kwa pesa zao hana haki ya kuwadharau.

Kwa wenye duka, kama mnasoma: pikapu ninayo, boksi lake ninalo, risiti ninayo. Bado nadai pikapu nzima au 85,000 yangu, na msipotaka kuipima nami, nitaipeleka Tume ya Ushindani ikiwa na mita yake.