Kadi ya Njano ya COMESA kwa gari lililotoka yadi juzi

Alama: nyota nne kati ya tano. Ukinunua gari Nakuru au Kisumu na unapanga kuliendesha hadi Kampala, Kigali au hata Lusaka, hakuna bima ya mpakani inayokuondolea usumbufu kama hii. Nyota moja tumeikata kwa jinsi inavyouzwa: wauzaji wengi hukuacha uamini kwamba inafunika kila kitu.

Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) hulipa hasara unayomsababishia mtu mwingine ukiwa nchi ya nje, pamoja na matibabu ya dharura ya waliomo garini mwako. Basi. Ukiliangusha gari mtaroni karibu na Jinja, au likiibwa Kigali, kadi haikupi hata shilingi. Hiyo ni kazi ya komprehensivu, yaani bima kubwa inayofunika na gari lako mwenyewe, na nyingi kati ya hizo zina mipaka ya nchi. Omba barua ya kuongezewa nchi kabla hujaondoka.

Inafanya kazi Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo ya Kinshasa, Malawi, Zambia, Zimbabwe na hata Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huu. Msumbiji, Botswana, Namibia na Afrika Kusini hazimo. Hakikisha kila nchi unayopitia imetajwa kwenye kadi yako, hata ile utakayoikata kwa nusu siku.

Shida kubwa ni jina. Kadi hukatwa juu ya bima yako ya Kenya, na bima ni mkataba na mtu, haihami pamoja na gari. Mnunuzi anatoka yadi na gari lenye bima ya mwezi mmoja ya muuzaji, anaongezewa kadi juu yake, kisha anapogonga mtu Mbarara kampuni inauliza: wewe ni nani? Kwa hiyo anza na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnunuzi anakubali kwenye yake, ada inalipwa, na wote wawili lazima wawe na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi. Mgeni kutoka nje naye ni lazima awe na PIN, na ni afadhali aanze kuitafuta kabla ya kuchagua gari. Logibuku ikitoka kwa jina lako, kata bima mpya, halafu kadi.

Ukiwa hapo hapo yadini, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye logibuku. Toyota Probox nyingi zimebadilishwa injini na makaratasi hayajui. Afisa wa forodha akifungua boneti mpakani Malaba, siku imeisha. Gari la mkopo lina jina la benki kwenye logibuku, kwa hiyo chukua barua ya benki inayokuruhusu kulitoa nchini. Gari la ndugu au rafiki, barua ya mwenyewe iliyoshuhudiwa na wakili.

Jambo la pili ni muda. Bima ya nyumbani ikiisha, kadi imekufa nayo, hata kama tarehe yake inaonekana nzuri. Wale wa bima ya mwezi mmoja ndio huumia. Kulipa kwa M-Pesa ukiwa Kigali kunafufua bima, lakini kadi mpya haijitoi yenyewe. Mpigie wakala aitume, na uichapishe.

Wapi pa kununua? Kisumu au Nakuru, kwa kampuni ileile iliyokukatia bima. Kungoja Busia, takriban kilomita 110 kutoka Kisumu, ni kujipeleka kwa vijana wa getini wanaokuharakisha usisome namba ya gari wala matumizi yaliyoandikwa. Gari la kubeba abiria wa kulipa likiandikwa la binafsi, dai linaweza kukataliwa.

Kadi pia si kibali cha forodha. Mpakani bado utachukua kibali cha kuingiza gari kwa muda, na wakati wa kutoka ukifunge. Kisipofungwa, kwenye mtandao wa forodha wa nchi hiyo gari bado liko kwao na siku zake zinahesabiwa. Kwa Uganda, Rwanda na Tanzania gari la Kenya halihitaji carnet, hati ya dhamana ya forodha ya kupitisha gari mipakani. Ukilenga Misri utaihitaji, na huku hutolewa na AA ya Kenya, chama cha wenye magari.

Ajali ikitokea: ripoti ya polisi ya nchi hiyo kwanza, kisha ofisi ya kitaifa ya Kadi ya Njano ya hapo, halafu wakala wako. Usikubali kosa wala kulipana barabarani. Namba ya simu ya ofisi ya kila nchi idai kwa wakala siku ya kununua, maana akishapokea pesa huwa hapatikani kirahisi.