Unga wa vimeng'enya kwa kuku wa nyama: unafaa, ila kwa masharti

Hapa Kigoma, ambako dagaa hugombewa na walaji kabla hawajafika kwenye chakula cha kuku, mfugaji hulazimika kutegemea soya na mashudu ya mise (kokwa za michikichi), na hapo ndipo unga wa vimeng'enya (enzaimu zinazosaidia kumeng'enya chakula) nilioununua katika duka moja la pembejeo unapoonyesha thamani yake. Fitezi, kimojawapo cha vimeng'enya vilivyomo, huifungua fosforasi ambayo kuku peke yake hawezi kuitoa kwenye nafaka na mbegu, na kimeng'enya kingine huvunja nyuzi ngumu za mise. Kinyesi kimekuwa kikavu zaidi, maranda hayagandi chini ya vinywesheo, na harufu ya amonia imepungua. Hata hivyo, unga huu hauongezi laisini (asidi amino, sehemu ya protini) ambayo mashudu hayo yanaipungukia, wala haufanyi soya mbichi iwe salama: ni lazima ikaangwe, kisha ipoe kabisa kabla ya kuchanganywa, kwa kuwa joto kali huua vimeng'enya. Ninachokilalamikia ni ufungashaji, kwani muuzaji hupima kwa kijiko kutoka kwenye ndoo, bila lebo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Nitanunua tena, lakini pakiti iliyofungwa tu.