Una wazo la video? Nunua vifaa kwa mpangilio huu, kamera iwe ya mwisho

Mtu akipata wazo la video, swali lake la kwanza huwa ni kamera gani inafaa. Hapo ameanzia mkiani. Mpangilio ninaoutoa hapa ni wa mtu anayeishi Uganda, ana simu ya kawaida inayorekodi 1080p (ubora wa HD kamili), ana laki mbili tatu za kuanzia, na anataka video yake iwe YouTube au TikTok mwezi huu, si mwakani. Facebook siiwekei mpango: tangu Januari 2021 imekuwa ya kuingiwa kwa VPN.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua karatasi. Andika utakachosema, kisome kwa sauti huku ukipima muda, kisha kata theluthi yake. Hicho hakiuzwi popote, na bila hicho vifaa vyote vinavyofuata ni mapambo.

Namba 1: Maiki

Anayebisha kwamba maiki ndiyo ya kwanza aingie kibanda chochote cha sinema Kampala. Picha imenakiliwa mpaka imefifia, maandishi ya kigeni yanapita chini na hakuna anayeyasoma, lakini VJ, yaani msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda, anatania, anamkejeli adui, na ukumbi mzima umemfuata yeye. Watu wetu wamezoea kuvumilia picha mbaya. Sauti mbaya wanaihama hata kabla hujamaliza salamu.

Maiki ya ndani ya simu, ukiwa umeiweka mita moja na nusu mbele yako, inaokota kila kitu: boda zinazopita, jenereta ya jirani, mvua juu ya mabati. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti yako inapungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele ya barabarani inabaki palepale. Kwa hiyo maiki ya bei ndogo iliyo shubiri moja kutoka kinywani itaishinda ya milioni iliyosimama upande wa pili wa meza.

Chaguo langu la kwanza ni maiki ya waya ya kubana kwenye kola. Boya BY-M1 ndiyo inayojulikana zaidi: ina waya wa mita 6, swichi ya kuchagua simu au kamera, na betri ndogo ya LR44. Kampala kwa kawaida haifiki laki moja. Tazama pini yake kabla ya kulipa. Ya simu ina pete tatu nyeusi. Yenye pete mbili ni ya kamera, na kwenye simu huenda isisikike kabisa. Kama simu yako haina tundu la spika za masikioni, ongeza kiunganishi cha USB-C na ukijaribu papo hapo, maana kuna vinavyopitisha muziki lakini havipitishi maiki.

Chaguo la pili ni zile ndogo zisizo na waya, kama K8 na K9, zinazochomekwa chini ya simu. Ni nafuu, na kwa anayetembea sokoni akiongea ni raha tupu. Ubaya wake ni kwamba kipokezi kimekalia tundu la chaji, na kile kitufe cha kupunguza kelele kikiwashwa kinapunguza pia uhai wa sauti yako. Kizime. Maiki kubwa ya USB ya mezani ni ya mtu anayerekodi sauti juu ya picha, chumbani, akiwa ametulia. Wengine wote waiache.

Jengo la maduka la Mutaasa Kafeero, Kampala, na majengo jirani ni mahali pazuri pa kununua kwa sababu ya kelele zenyewe. Usiridhike na "moja, mbili, inafanya kazi, ssebo" ya muuzaji. Bana maiki kwenye kola yako, washa kurekodi, ongea sentensi mbili ukimtazama, geuka uongee ukitazama ukuta, kisha sugua shati taratibu. Chomoa maiki, vaa spika za masikioni, sikiliza. Ukisikia mvumo kama wa nzi nyuma ya maneno, au sauti ikikatika waya unapotikiswa karibu na pini, irudishe mezani. Anayenunua kutoka Arua au Busia na kuletewa mzigo kwa basi amwombe muuzaji amrekodie hivyohivyo na kumtumia faili kabla ya kutuma pesa. Kurudisha kifaa cha elfu hamsini kutoka Arua hakulipi.

Namba 2: Stendi

Hapa sitakaa sana. Nunua inayofika usawa wa macho yako ukiwa umesimama, uifungue yote, uiguse juu kwa kidole. Ikiendelea kutikisika baada ya kuhesabu tatu, wacha. Kishikio cha simu kiwe cha skrubu, si cha springi peke yake. Skrubu ya vifaa vya kamera duniani kote ni ya robo inchi, kwa hiyo hata fundi wa kuchomelea wa Katwe anaweza kukutengenezea stendi ya chuma isiyopepesuka, mradi umpelekee kishikio akipime. Itakuwa nzito. Uzito huo ndio faida yake.

Namba 3: Mwanga

Mwanga wa kwanza ni dirisha, na ni bure. Kaa ukilitazama, si ukiwa umeligeuzia mgongo. Nje, jua letu la karibu na ikweta linasimama utosini saa sita mchana na kuchimba mashimo meusi chini ya macho, kwa hiyo rekodi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna tatizo lingine: ukuta mweupe nyuma yako unaifanya simu ipunguze mwanga, na uso unageuka kivuli. Tafuta ukuta wa kahawia, kijani au buluu, kisha gusa uso wako kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ujifunge.

Ukinunua taa, taa bapa ya LED naipa nafasi juu ya ile ya duara. Ya duara inaacha pete kwenye miwani na inafaa uso uliokaribu tu. Kwenye boksi tafuta CRI ya 95 au zaidi, namba inayoonyesha rangi zitatoka kwa uaminifu kiasi gani. Uliza kama inatumia betri, maana umeme hautakusubiri umalize kurekodi. Na kuna ile mistari inayopanda na kushuka kwenye video iliyopigwa chini ya balbu za nyumbani. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kwenye mpangilio wa Pro wa kamera ya simu weka shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari itapotea au ipungue sana.

Namba 4: Nafasi na data

Wengi hupanga vifaa vyote na kusahau uzito wa faili. Kwa viwango vya Apple, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde inakula takriban MB 60 katika HEVC (njia ya kubana faili za video), na 4K, iliyo kali zaidi, takriban MB 170. Rekodi 1080p. YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p, yaani video ya dakika 10 ni kama MB 600 za kupakia, na bando tunalipia ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa hiyo bando la kupakia ni gharama ya kila video, liandike kwenye bajeti. Kadi ya kumbukumbu nunua yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika video, na uijaze faili mpaka mwisho siku ileile uliyoinunua. Kadi feki huandikwa GB 128 na kuanza kuharibu faili baada ya GB chache, na risiti ya jana ina nguvu kuliko ya mwezi uliopita.

Namba 5: Programu ya kuhariri

Usinunue. CapCut ya bure inatosha kwenye simu, ingawa kila mara inajaribu kukuvutia kwenye vya kulipia. Kwenye kompyuta, Shotcut na Kdenlive ni za bure kabisa. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye nguvu, ila laptopu ya RAM GB 8 italia. Kuhusu kompyuta, Isaac Nabwana, mtengenezaji filamu wa Wakaliga, Kampala, aliunganisha zake kwa vipuri, na filamu zake za mapigano zikafika dunia nzima kupitia YouTube. Fundi mzuri wa vipuri ana thamani kuliko laptopu mpya nyembamba isiyofunguka.

Namba 6: Simu mpya

Iwe ya sita, baada ya hayo yote. Usisome megapikseli, rekodi ukitembea hatua kumi, utazame kama picha inaruka. Simu nyingi za bei ya kati hutuliza mtikisiko kwenye 1080p na kuacha kufanya hivyo kwenye 4K. Kwa simu ya mtumba, piga *#06# na ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na boksi na risiti. Bila risiti, hata kama ni nafuu kiasi gani, unaweza kujikuta unaeleza mambo kituo cha polisi.

Namba 7: Kamera

Kamera ya mtumba bila lenzi nzuri, betri ya pili na maiki itakupa picha ya kupendeza ya mtu asiyesikika. Kama kuna kazi inayoidai, harusi au tangazo la mteja, kodi kwa siku. Uliza kama inaacha kurekodi baada ya dakika 29 na sekunde 59, maana kamera nyingi za picha za zamani hufanya hivyo, na hotuba ya mzee wa ukoo haijawahi kuisha ndani ya muda huo.