Mashine ya vakyumu niliyojijengea kwa ajili ya modeli za daladala, uzoefu wangu wa miezi minane

Mimi natengeneza modeli za daladala za kuweka kabatini, skeli ya 1:20, yaani Kosta ya mita saba inakuja kuwa na urefu wa sentimita 35 hivi, na viti ndani, na mlango unaofunguka, na bomba la juu la abiria kushika. Bodi nachonga kwa ile foreksi nyeupe ya watu wa mabango, yale mashiti mepesi ya plastiki ya povu, hapo sina shida. Shida yangu kwa miaka ilikuwa kioo cha mbele na kava za taa. Kioo cha Kosta kimezunguka pembeni na kimelala kidogo kwa juu, sasa plastiki ya flati inakubali kupinda upande mmoja tu, ukiilazimisha na upande wa pili inaweka alama nyeupe au inapasuka. Nilikuwa nakata chupa za maji natafuta sehemu yenye mkunjo unaoendana, nakaa jioni nzima na mkasi, na hata ukipata kimoja huwezi kupata cha pili kinachofanana nacho.

Ndo nikaamua nijenge mashine ya vakyumu. Kwa asiyeijua, unabana shiti ya plastiki kwenye fremu, unaipasha moto mpaka inalegea, unaishusha juu ya kalibu, yaani kipande ulichochonga kwa umbo unalotaka, halafu unanyonya hewa kwa chini na plastiki inajilaza juu ya kalibu, ikipoa inabaki na umbo lilelile. Trei za biskuti zinatengenezwa hivo, na zile plastiki ngumu za kufungia betri. Na sio kitu cha viwandani peke yake, Marekani miaka ya 1960 Mattel walikuwa wanauza kifaa cha kuchezea cha watoto kinaitwa Vac-U-Form, kina sahani ya moto na pampu ya mkono, mtoto anajitengenezea vigari vyake mezani. Nilipojua hilo nilipata moyo sana.

Nimeijenga mara tatu mpaka ikakubali, na kama utasoma kipande kimoja tu cha maelezo yangu basi soma hiki, kwa sababu ndo kilinila muda na hela. Mara ya kwanza nilitengeneza boksi la MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, juu nikatoboa matundu madogo kila baada ya sentimita mbili, nikaunganisha na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Ikafanya kazi, lakini vitu vilikuwa vinatoka na pembe za mviringo kama sabuni iliyotumika, mstari wa fremu ya kioo hauonekani. Nikasema nguvu ni ndogo. Na kweli ni ndogo, maana vakyumu yenyewe haivuti plastiki, hewa ya juu ndo inayoisukuma, na huku pwani hewa inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Shiti yangu ni 20 kwa 30, sentimita za mraba 600, kwahiyo ukitoa hewa yote chini unapata msukumo wa kama kilo 600. Mashine ya vumbi inatoa kama moja ya tano tu ya hewa hiyo, unabaki na kilo 120 hivi.

Nikaenda kwa fundi friji mtaani kwetu, mzee mmoja mtulivu sana, nikamuomba kompresa ya friji lililokufa. Akaniuliza, "Mwanangu, unataka ya kupuliza au ya kunyonya?" Nikamwambia kunyonya mzee wangu. Akanichagulia moja, akaniwekea geji, tukaiwasha palepale mshale ukashuka vizuri kabisa mpaka karibu na mwisho. Nilirudi nyumbani na furaha. Nikaunganisha kwenye boksi, nikapasha plastiki, nikashusha, nikawasha... na kazi ikatoka mbaya kuliko ya mashine ya vumbi! Nilikaa wiki nzima sielewi, pampu ina nguvu mara nne halafu matokeo mabaya zaidi.

Kumbe kompresa ya friji ina nguvu lakini inavuta hewa kidogokidogo. Ilichukua karibu dakika nzima kulitoa hewa boksi langu, na plastiki ya nusu milimita ikitoka kwenye moto inaganda ndani ya sekunde chache tu. Kwahiyo wakati nguvu inafika plastiki ilishakuwa ngumu zamani. Kitu kinachotakiwa ni kasi, na kasi unaipata kwa kuwa na tenki. Unalitoa hewa tenki taratibu kabla hujapasha chochote, unafunga koki, ukishusha plastiki unafungua koki na hewa yote ya boksi inakimbilia kwenye tenki kwa mkupuo mmoja. Nikaenda mtaa wa Gerezani hapa Dar nikapata tenki la upepo wa breki la lori, lita 20 hivi, zito, halina kutu ndani. Hesabu yake ni rahisi, tenki limebaki na moja ya tano ya hewa, boksi langu na nafasi iliyo chini ya plastiki ni kama lita mbili, zikichanganyika bado unabaki na zaidi ya asilimia 70 ya msukumo wote, yaani zaidi ya kilo 400 kwenye shiti ileile.

Na bado ikagoma, aisee. Nilikuwa nimeunganisha tenki na boksi kwa kale kapaipu kembamba ka kopa ka robo inchi nilikopewa na kompresa, hewa ikawa inapita kama kwenye mrija. Nilipoweka paipu ya inchi moja na koki ya inchi moja ya mafundi bomba, siku hiyo nilifungua koki nikasikia "pap!" na plastiki ikawa imeshashika kalibu hata macho hayajafuata. Kioo kikatoka na mstari wa mpira wote, hadi mkwaruzo mdogo wa msasa uliokuwa kwenye kalibu ulionekana. Nilikishika kile kioo nikakipeleka kwenye mwanga mara sijui ngapi. Ila huo msukumo ukanikunja na mfuniko wa boksi, MDF ya milimita 12 ikabonyea katikati, ikabidi niweke vipande vya mbao ndani kama nguzo. Wewe viweke mapema.

Kuhusu kompresa, fundi ndo aitoe, sio wewe na msumeno wako. Mafriji mengi ya sasa yana gesi ya R600a ambayo inawaka, mtu akiweka moto wa kuchomelea kwenye paipu yenye gesi ni hatari kabisa. Ikishakuwa yako isimame wima maana ina oili ndani, na usiiache inanguruma nusu saa, kwenye friji inapozwa na gesi inayorudi, kwako haipati ubaridi huo. Mimi naiwasha dakika chache mpaka geji ifike, nazima. Kati yake na tenki weka nonritani, ile vali inayopitisha hewa upande mmoja tu, bila hivo ukizima tu hewa inarudi.

Upande wa moto, nimetumia elementi mbili za oveni za wati 1000 kila moja, ndani ya boksi la bati. Wati 2000 kwa umeme wetu wa volti 230 ni karibu ampea tisa, kwahiyo waya wa milimita 2.5 na plagi nzima, na ile bati lazima iwe na ethi, hapo usibane hela. Elementi nilikuwa nimeziweka katikati, katikati ya shiti ikawa inalegea wakati pembeni bado ngumu, nikazisogeza kingoni ikakaa sawa. Luku inashuka lakini sio ya kutisha, maana unapasha dakika moja au mbili tu. Kinachoumiza ni umeme kukatika ukiwa katikati, shiti ikipoa nusu na kupashwa tena sijawahi kupata kioo safi kutoka kwayo.

Sina kipimajoto, naangalia kwa macho. Polistirini inaumbika kwenye nyuzi 150 hadi 180 hivi, PETG, ile plastiki angavu ninayotumia kwa vioo, chini kidogo ya hapo, lakini plastiki yenyewe inaongea. Kwanza inajikunjakunja kama shuka, halafu inajivuta inakuwa flati tena, imekaza kama ngoma, watu wengi wanashusha hapo, usishushe. Subiri ianze kubonyea chini, kwa shiti yangu ikibonyea sentimita moja na nusu hadi mbili ndo muda wake. PETG ya nusu milimita kwangu ni sekunde 40 hivi. Ukizidisha inakuwa na vipovu au inajikunja kwenye kona za kalibu inafanya kama mbawa, na hiyo huwezi kuirekebisha.

Plastiki yenyewe imenipa kazi kuipata. Kwa vioo nilianza na zile ngao za uso zilizobaki tangu kipindi cha korona, ni angavu na nyembamba, ila nyingi ni PET ya kawaida, ukichelewa kidogo kwenye moto inakuwa na ukungu mweupe, nikahamia PETG kwa watu wa mabango wananiuzia vipande vilivyobaki. Kava zile za kubandia ripoti stationari usizitumie, nyingi ni PVC, na PVC ikizidiwa na moto inatoa moshi wenye asidi, unaumiza mapafu na unakula vyuma. Kama hujui plastiki yako ni nini chukua waya wa kopa, uchome mpaka uwe mwekundu, gusisha kwenye plastiki, rudisha kwenye moto nje ya nyumba, moto ukiwa wa kijani kibichi hiyo ina klorini, iache. Akriliki na polikaboneti nimejaribu zikanitoa vipovu vingi, na sababu ni hii hewa yetu ya Dar ina unyevu mwingi na plastiki hizo zinaunyonya, polikaboneti inatakiwa ikaushwe masaa kadhaa kwenye nyuzi 120 kabla hujaigusa. Mimi sina hiyo subira kwa kioo cha sentimita kumi.

Fremu nimetengeneza kwa pembe za alumini zilizobaki kwa fundi wa madirisha, fremu mbili, shiti katikati, zinabanwa na zile klipu nyeusi za karatasi za ofisini, kama kumi na mbili, zinahimili moto na zinabana sawa pande zote. Chini nimezungushia mpira wa mlango wa friji ili hewa isipenye. Kalibu za vioo nachonga kwa mninga, napiga msasa wa maji mpaka namba 1000, na bado inabidi upake vanishi kavu kabisa, la sivyo nyuzi za mbao zinahamia kwenye kioo. Plasta ni rahisi zaidi lakini iwe imekauka siku kadhaa, ikiwa na maji inafuka mvuke kwa ndani. Kila upande uwe na mteremko kidogo, digrii tatu hadi tano, mimi ya kwanza niliichonga wima kabisa na plastiki ikaishika nikaivunja kuitoa. Kwenye kila kona ya ndani toboa tundu la milimita moja, bila tundu hewa inanaswa pale na kona haitoki. Na kumbuka unene wa plastiki, kalibu ipungue kiasi hicho.

Mapungufu yapo. Kitu kirefu kinatoka chembamba, nilijaribu kuumba bodi nzima ya Haisi kwa shiti ya milimita moja, kona za chini zikabaki nyembamba hata nusu ya hapo haifiki, unazibonyeza kwa kidole zinaingia. Nusu ya shiti inaishia kwenye takataka. Na mashine ni nzito, na tenki lile, haihami mezani. Nimetumia kama laki moja na themanini ukijumlisha na makosa yote, na bado ningeijenga tena. Ila nitasema ukweli, kama unachotaka ni vioo na taa tu, zipo mashine ndogo za mafundi meno za kuumbia kinga za meno, zinatumia shiti ya milimita 127 kwa 127, kioo cha Kosta cha 1:20 kinaingia humo bila shida. Ukiipata iliyotumika kwa bei nzuri chukua, utaokoa miezi mitatu. Mimi nilitaka na mabampa na dashibodi, ndo maana sijutii.

Kitu kimoja nimekigundua baadaye. Ule upande wa ndani wa friji, ile plastiki nyeupe, mara nyingi ni polistirini na imeumbwa kwa vakyumu hivihivi. Kwahiyo friji bovu linakupa pampu na shiti kwa pamoja, unakata zile kuta za flati, unakwangua povu la nyuma mpaka liishe, unapata milimita moja hivi, sio sawa kila mahali lakini kwa bampa inatosha sana. Sasa yule mzee fundi ananiwekea, hataki hela. Wiki iliyopita alikuja mwenyewe na kile kishikio cha chupa cha mlangoni kilichopasuka, cha friji la mteja wake, akaniuliza kama naweza kumtolea kingine. Kalibu nimeshaichonga, vanishi inakauka, Jumamosi tunajaribu.