Ramani ya kanda za baridi ya USDA: nzuri sana, ukiiuliza swali lake

Idara ya Kilimo ya Marekani (USDA) inaitoa bure mtandaoni. Unaandika msimbo wa posta, inakupa kanda yako. Toleo la 2023 limejengwa kwa takwimu za vituo 13,412 vya hali ya hewa. Lile la 2012 lilikuwa na vituo 7,983. Ukiikuza, kilima na bonde lililo chini yake huonekana kwa rangi tofauti. Kwa mnunuzi wa miche ya kudumu, hii ndiyo hatua ya kwanza kabla ya kwenda kitaluni.

Kanda ziko 13, kila moja nyuzi 10 za Farenhaiti, na kila moja imegawanywa nusu mbili, a na b. Namba ikiwa ndogo, baridi ni kali zaidi. Kinachopimwa ni kimoja tu: baridi kali kuliko zote ya kila mwaka, kisha wastani wake kwa miaka 30, yaani 1991 hadi 2020. Kwa 7a, wastani huo uko kati ya -17.8 na -15 za Selsiasi. Lishike neno wastani. Miaka mingi baridi itashuka chini ya hapo. Mti unaotaka uishi miaka 20, kama kanda zilizoandikwa kwenye lebo yake zinaanzia 7 nawe uko 7a, umeupanda ukingoni. Tafuta unaoanzia 6, au 5 ukiupata.

Kwenye chungu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mizizi haina ardhi ya kuikinga. Hapo chagua mmea unaoanzia kanda mbili chini ya yako.

Kasoro kubwa iko kwenye joto. Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na sehemu za kaskazini mwa Florida, kusini-mashariki, zote ni kanda 9, lakini viangazi vyao havifanani hata kidogo. Lavenda ya Kiingereza hufa Florida kwa joto la unyevunyevu na mizizi iliyooza, wala si kwa baridi. Lebo ikisema 5–8, hiyo 8 ni makadirio ya wakulima kuhusu joto, ramani haikuipima. Kuna ramani nyingine kwa ajili hiyo, ya chama cha bustani cha Marekani, American Horticultural Society, ya 1997, inayohesabu siku zinazopita nyuzi 30 za Selsiasi. Zitumie zote mbili.

Karibu nusu ya nchi ilisogezwa nusu kanda kuelekea joto mwaka 2023. Usiyafanye mabadiliko hayo kibali cha kununua mimea isiyohimili baridi. Kama shamba lako lina mteremko, hewa baridi hutiririka usiku na kutuama chini. Weka hapo kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa, ukisome msimu mzima wa baridi kabla ya kuchimba shimo.

Nyanya na mboga nyingine za msimu mmoja ramani hii haizihusu. Nyanya na nyingi ya hizo huuawa na jalidi ya kwanza, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande, na tarehe za jalidi hazimo humu.