LinkedIn kwa mwanataaluma wa Mwanza: chombo kizuri kisichojua Kiswahili

Mhandisi wa barabara Ilemela, mtafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), mhasibu wa kiwanda cha samaki Igogo na muuguzi wa hospitali ya Bugando wanafanana kwa jambo moja: kazi yao inakwenda kwa lugha mbili kila siku. Kikao cha asubuhi ni Kiswahili, ripoti ya jioni ni Kiingereza, na katikati hapo anaweza kuingia mzee kutoka Magu ambaye bila Kisukuma hamtaelewana. Mapitio haya yanaipima LinkedIn, mtandao wa intaneti unaowaunganisha wanataaluma na waajiri, kwa mahitaji ya watu wa namna hiyo, si kwa mahitaji ya kijana wa London anayetafuta kazi ya benki.

Hukumu yetu ni hii. Ukitaka kuwafikia wenzako wa taaluma walio Kisumu, Jinja, Entebbe, Dar es Salaam au ng'ambo, hakuna chombo cha bure kinachoizidi. Ukimtafuta fundi wa mashine za barafu aliye Kirumba, piga simu. Na ukisubiri ajira ya serikali, usipoteze muda hapa: hizo zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanapita Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. LinkedIn inalipa zaidi kwa walio kwenye migodi, mashirika yasiyo ya kiserikali, utafiti wa afya, ushauri wa miradi na usafirishaji wa minofu ya sangara, kwa sababu waajiri na wateja wa sekta hizo wengi wako mbali na hawana njia nyingine ya kukujua.

Kasoro kubwa ni lugha. Menyu zake zinapatikana kwa lugha zaidi ya 30. Kihispania kimo, Kituruki kimo, Kitagalogi kimo. Kiswahili, ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2021, na ambacho UNESCO imekitengea siku yake ya tarehe 7 Julai, hakimo. Walatino wa Marekani (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wanaofanya kazi kwa Kihispania na Kiingereza wana nafasi ambayo sisi hatuna: mtu anaandika wasifu mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kihispania ndani ya akaunti ileile, na mtazamaji anaonyeshwa ule unaolingana na lugha ya menyu zake.

Hapo ndipo wengi wa huku wanapokosea. Wanasikia habari ya wasifu wa lugha ya pili, wanahangaika kutafuta namna ya kuweka wa Kiswahili. Hata ukifanikiwa, kazi hiyo ni bure: kwa kuwa hakuna anayetumia menyu za Kiswahili, hakuna atakayefunguliwa wasifu huo wenyewe bila kuutafuta. Utakaa kabatini. Kipengele hicho kitumie kwa Kifaransa kama una kazi na Bukavu, Goma au Bujumbura. Utakikuta ukifungua ukurasa wako kwenye kompyuta, kisanduku cha lugha ya wasifu kiko upande wa kulia. Tafsiri unaiandika mwenyewe, LinkedIn haikutafsirii. Na angalia sana lugha uliyofungulia akaunti, maana lugha ya kwanza ya wasifu haibadilishiki baadaye.

Kiswahili chako kiweke ndani ya sehemu ya About, yale maelezo mafupi kukuhusu. Ina nafasi ya herufi 2,600, ila mtazamaji huona mistari michache ya kwanza tu mpaka abonyeze kuona zaidi. Anza kwa Kiingereza kama unaowalenga wako nje, kisha acha mstari mmoja mtupu na uandike Kiswahili chenye maana ileile, aya mbili fupi. Usichanganye lugha ndani ya sentensi moja. Mazungumzo ya kazini Mwanza yanachanganya, na hakuna ubaya, lakini mtu wa Copenhagen anayetafuta msimamizi wa maabara ataishia katikati ya sentensi yako na kufunga ukurasa.

Sasa jambo lenye uzito kuliko yote: maneno. LinkedIn ni mashine ya kutafuta. Anayekuhitaji anaandika neno, na kama neno hilo halimo kwenye wasifu wako, huonekani. Ziwa letu ni moja, nchi ni tatu, na samaki mmoja ana majina matatu. Sangara wa Mwanza ni mbuta kwa watu wa Kisumu na mputa kwa Waganda. Dagaa wetu kwao Kenya ni omena, Uganda ni mukene. Afisa uvuvi aliyeandika "uzoefu wa miaka minane katika dagaa" na kuishia hapo hatapatikana na mratibu aliye Jinja, yalipo makao makuu ya Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoundwa na nchi hizo tatu mwaka 1994. Dawa yake ni jina la kisayansi. Andika mara moja Lates niloticus, mara moja Rastrineobola argentea, kisha majina ya pande zote tatu katika maelezo ya kazi uliyofanya. Sentensi moja inatosha: "Nimesimamia upokeaji wa sangara (mbuta, mputa; Lates niloticus) mwaloni hadi kiwandani." Ukiyarudia kila mstari unaonekana tapeli.

Vyeo vyetu navyo vinahitaji mkalimani. Mwenye NTA Level 6 (ngazi ya tuzo za ufundi za Tanzania) anajua thamani ya cheti chake, na mwajiri wa Tanzania anajua; wa nje haelewi hata kidogo. Andika kwamba ni stashahada ya kawaida, na kwamba Level 8 ni shahada ya kwanza. Mhasibu aandike CPA(T), sifa yake ya uhasibu, na jina kamili la NBAA, bodi ya wahasibu inayoitoa, kwa sababu jirani yake wa Kenya ana CPA(K) na mtu wa mbali hawezi kutofautisha. Mhandisi ataje daraja lake la usajili ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) kwa maneno. Namba yenyewe ya usajili usiibandike hadharani, wala picha ya cheti. Kuna watu wanaivuna na kuitumia.

Kichwa cha wasifu, ule mstari chini ya jina, kina nafasi ya herufi 220, na ukiuacha, LinkedIn inaujaza yenyewe kwa cheo na jina la mwajiri wako. Usiuache. "Afisa Udhibiti Ubora" peke yake haisemi kitu. Sema ubora wa nini, kwa soko gani, kwa mfumo upi: minofu ya sangara, soko la Ulaya, HACCP (mfumo wa kudhibiti usalama wa chakula). Hiyo inapatikana kwenye utafutaji. Maneno kama "mchapakazi mwenye ari" hakuna anayeyatafuta.

Sehemu ya lugha ina ngazi tano, ya juu kabisa ikiwa ya mzawa wa lugha. Wengi wa Kanda ya Ziwa wanaweka Kiswahili na Kiingereza, wanaiacha Kisukuma kana kwamba ni ya nyumbani tu. Hilo ni kosa la kutupa fedha. Shirika linaloendesha mradi wa maji au chanjo Simiyu, Shinyanga au vijijini Geita linamhitaji mtu anayeweza kuzungumza na mama wa kijijini bila mkalimani, na halina namna ya kujua kama hukuandika. Weka Kisukuma. Weka Kikerewe, Kihaya, Kijaluo cha Rorya, chochote unachokisema kwa kweli, na Kiingereza kiweke ngazi unayoweza kuitetea kwenye usaili wa simu. Katika programu ya simu kuna pia kitufe cha kurekodi matamshi ya jina lako, sekunde 10. Kwa mwenye jina kama Ng'wandu au Masalakulangwa, rekodi hiyo inampunguzia mgeni aibu ya kulikosea mbele ya watu.

Kuhusu kuomba kuunganishwa na mtu, adabu yetu ya salamu inagongana na nafasi. Ujumbe wa mwaliko kwa akaunti ya bure unaishia herufi 200, na idadi ya mialiko yenye ujumbe imewekewa kikomo. Ukianza na shikamoo, habari za familia na pole na majukumu, nafasi imekwisha kabla hujasema shida. Salamu moja inatosha. Mfano:

"Habari za kazi Mhandisi. Nimesoma andiko lako kuhusu majitaka ya Igogo. Ninasimamia maabara ya maji Ilemela na vipimo vyetu vinagusana. Naomba tuunganishwe hapa."

Ni herufi 160 hivi. Ina salamu, cheo chake, sababu, na ombi lisilomgharimu. Kinachoua mialiko mingi ya huku ni kuomba kazi kwenye ujumbe wa kwanza, au kubonyeza Connect, kitufe cha kutuma mwaliko, kwa watu 100 kwa jioni moja. Mwaliko ukikaa wiki nyingi bila jibu unaweza kuuondoa, ila ukishauondoa hutaweza kumtumia mtu huyo mwingine hadi wiki tatu zipite. Na programu itakapokuomba ruhusa ya kupakia namba zote za simu yako, kataa. Mwenye nyumba, muuza mkaa na shangazi watapata mwaliko wa kitaaluma kwa jina lako.

Hadi hapo tumezungumzia kuonekana. Uongozi katika taaluma, yaani kuwakutanisha na kuwakuza wenzako, ni jambo jingine, na LinkedIn inausaidia kwa nusu tu. Makundi yake yamepooza. Utajiunga na kundi lenye maelfu ya watu na kukuta matangazo matupu. Faida yake ni kwenye kuwapata watu, baada ya hapo kaeni mezani. Walatino wa Marekani walianza hivyo, na kabla ya intaneti. ALPFA (chama chao cha wanataaluma) ilianza mwaka 1972 Los Angeles ikiwa ya wahasibu, ikaja kufunguliwa kwa taaluma nyingine baadaye. SHPE (chama cha wahandisi wao) ilianzishwa mwaka 1974 katika jiji hilohilo na wahandisi walioajiriwa na jiji, kisha ikaingia vyuoni kwa matawi ya wanafunzi. Zote mbili zilianza na taaluma moja, watu wachache wanaoelewana kazi. Mwanza tunaanza kinyume: kundi la WhatsApp la "wataalamu wa Kanda ya Ziwa", watu 256 siku ya kwanza, na baada ya mwezi ni rambirambi, michango ya harusi na viwanja vinavyouzwa Buhongwa.

Namna inayofaa ni hii. Tafuta kwenye LinkedIn kwa kuchuja eneo liwe Mwanza na sekta iwe moja, mathalani maji na usafi wa mazingira. Chagua watu 12 hadi 15, changanya taasisi ya umma, kampuni binafsi, chuo na angalau wawili walio chini ya miaka 30. Waandikie mmoja mmoja. Kutaneni mara moja kwa mwezi, siku ya kazi, saa 11:30 jioni, dakika 90 na si zaidi, mahali pasipo na muziki. Mmoja analeta tatizo halisi la kazini kwa dakika 10. Dakika 20 ni maswali, na mdogo kwa umri au cheo ndiye anaanza. Mkurugenzi akianza, wengine wote watamuunga mkono na kikao kimekufa. Zinazobaki ni za kufahamiana. Kila mtu alipie soda yake. Mchango wa pamoja bila mweka hazina na daftari ndio chanzo cha kwanza cha vikundi kuvunjika hapa mjini, na cha pili ni mwenyekiti wa kudumu. Kiti kizunguke kila mwezi.

Lugha ya kikao iwe ya mtoa mada, na muulizaji awe huru kuuliza kwa nyingine. Msiamue kwamba yote yatakuwa Kiingereza ili kikao kionekane cha kitaaluma; mafundi sanifu wenye miaka 20 kwenye pampu watanyamaza, na wao ndio wanaojua kwa nini pampu inaharibika. Katibu aandike maazimio kwa Kiswahili, kisha aya moja ya Kiingereza iwekwe LinkedIn kwa jina la mtoa mada wa mwezi huo. Hiyo ndiyo inayomjengea kijana jina nje ya Mwanza.

Kuhusu gharama, akaunti ya bure inatosha. Premium, yaani akaunti ya kulipia, ina mwezi mmoja wa majaribio, lakini inadai kadi kwanza na ukisahau kuifuta inakata yenyewe. Weka kengele ya simu siku tatu kabla. Kinachokula bando ni video zinazojiendesha, zizime kwenye mipangilio siku ya kwanza. Na mwajiri yeyote atakayekuandikia ndani ya LinkedIn akitaka ada ya fomu, ya vipimo vya afya au ya sare, ni mwizi, hata kama picha yake ina nembo ya mgodi unaoujua.

Mwisho, kwenye kompyuta unaweza kuushusha wasifu wako kama faili la PDF na kuutumia kama CV. Unatoka nadhifu, lakini hauna wadhamini. Mwajiri wa Tanzania atawauliza watatu, kwa hiyo andaa ukurasa wa majina, vyeo na namba zao, na waombe ruhusa kabla hujautuma.